Mishipa ya Ubongo Ikitengenezwa, Je, Mgonjwa Anapata Nafuu?

Kuna ugonjwa unaowapata hasa wazee. Unatetemesha mikono, unakaza viungo, na kuufanya mwendo kuwa mzito. Waganga wanauita ugonjwa wa Parkinson. Siku hizi watu wanasikia katika redio na katika simu zao kwamba wataalamu wanaweza kutengeneza tena mishipa ya ubongo iliyokufa. Wengine wanaambiwa hivi: "Leteni pesa, tutamdunga baba yenu sindano ya chembe mpya, naye atapona." Basi jamaa wanaanza kuhesabu ng'ombe na kupima shamba.

Ndugu msomaji, kabla hujauza kitu, soma maneno haya polepole. Tutaeleza ugonjwa huu ni nini, majaribio ya kutengeneza mishipa yameleta nini mpaka sasa, na ni msaada gani unaoweza kumfaa mgonjwa wako leo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Katika sehemu ya chini ya ubongo kuna mahali padogo penye chembe za rangi nyeusi. Kazi yake ni kutengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Chembe hizi zina nyuzi nyembamba sana, nazo hupeleka dopamini mpaka sehemu nyingine ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Fikiri cherehani. Gurudumu lipo, sindano ipo, uzi upo. Lakini mafuta yakikauka, cherehani inakwama. Dopamini ni kama mafuta hayo.

Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo zinakufa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi. Siku dalili zinapoonekana, nyingi zimekwisha kupotea. Dalili zake ni hizi:

1. Mkono hutetemeka wakati umetulia, kwa mfano ukiwa juu ya goti. Mara nyingi huanza upande mmoja. Lakini si kila mgonjwa anatetemeka.
2. Viungo vinakaza. Ukijaribu kukunja mkono wake, unausikia mgumu.
3. Kazi ndogo zinachukua muda mrefu: kufunga vifungo, kumenya muhogo, kuandika jina.
4. Anatembea kwa hatua fupi, ameinama, na baada ya miaka anaanguka mara kwa mara.

Tena kuna mambo yasiyoonekana kwa macho: choo kigumu, kutosikia harufu vizuri, usingizi mbaya, na huzuni.

Huu si uchawi. Si laana ya ukoo. Si matokeo ya pombe. Tena hauambukizi, unaweza kula na mgonjwa katika sahani moja. James Parkinson, munganga wa London, aliandika habari za wagonjwa sita wa namna hii mwaka 1817. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu duniani. Basi ni ugonjwa wa watu wa mataifa yote, nasi tumo.

DAWA YA KWANZA ILIPATIKANAJE?

Karibu mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, jina lake Arvid Carlsson, alionyesha kwamba dopamini ina kazi yake katika ubongo. Mwaka 1960, katika mji wa Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Parkinson. Waliona kwamba dopamini imepungua sana. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alionyesha kwamba dawa inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, ikitolewa kwa kinywa na kuongezwa polepole, inamsaidia mgonjwa kweli. Watu waliokuwa wamekaa kama miti walisimama na kutembea.

Dawa hiyo ni levodopa. Siku hizi inachanganywa na dawa nyingine, karbidopa au benserazidi, ili ifike katika ubongo bila kuleta kichefuchefu kingi.

Lakini levodopa haifufui chembe zilizokufa. Inafanya kama mtu anayechota maji mtoni kwa sababu kisima cha nyumbani kimekauka. Anakunywa, anapika, anaoga. Lakini kisima ni kikavu vile vile. Baada ya miaka kadhaa nguvu ya kidonge kimoja inaisha mapema, na mwili unaweza kujinyonganyonga bila mtu kutaka. Kwa hiyo wataalamu walijiuliza, "Kwa nini tusikifufue kisima chenyewe?" Ni swali jema. Tuone lilijibiwaje.

JARIBIO LA KULISHA CHEMBE

Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamepata kitu kinacholisha chembe za dopamini na kuzisaidia kuishi. Kinaitwa kwa herufi nne: GDNF. Katika vyombo vya kioo chembe zilistawi. Panya walipata nafuu. Nyani nao walipata nafuu. Watu wengi walifurahi, wakasema dawa ya kuponya imekaribia.

Kwanza walikitia katika nafasi za maji zilizo ndani ya ubongo. Mwaka 2003 majibu ya jaribio hilo la watu 50 yalitoka: hakuna nafuu, tena wengi walipata kichefuchefu na kukonda. Wakafikiri, "Labda hakikufika mahali pake." Katika mwaka ule ule wa 2003, waganga wa Bristol, Uingereza, walieleza habari za wagonjwa watano waliopewa GDNF kwa mirija midogo iliyoingizwa mahali penyewe panapohitaji. Baada ya mwaka mmoja mwendo wao, walipopimwa kabla ya kumeza dawa zao, ulikuwa bora kwa asilimia 39. Furaha ikarudi.

Lakini katika kazi ile ya Bristol kila mgonjwa alijua kwamba amepewa dawa. Hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha. Basi likafanywa jaribio la watu 34. Nusu yao walipewa GDNF, na nusu walipewa maji yasiyo na dawa, kwa mirija ya namna moja. Mgonjwa hakujua amepewa nini, na waliompima hawakujua. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Kampuni iliyotengeneza dawa ikasimamisha kazi mwaka 2004.

Huko Bristol hawakukata tamaa. Walitengeneza mirija bora na kuongeza kipimo cha dawa. Mwaka 2019 walitoa majibu ya jaribio la watu 35. Na hapa, msomaji, angalia sana. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu ile ilikuwa inashika kazi ya dopamini kuliko mwanzo kwa wale waliopewa GDNF. Kwa wale waliopewa maji matupu, picha hazikubadilika. Ungesema, "Basi mishipa imetengenezwa!" Lakini walipopima mwendo wa wagonjwa baada ya majuma 40, makundi mawili hayakuachana kwa kiasi cha kutegemewa.

Hilo ndilo jambo kubwa la makala hii. Picha ya ubongo inaweza kuwa nzuri, na mgonjwa bado akashindwa kufunga kifungo cha shati lake. Mshipa unaweza kulishwa, na mtu asipate nafuu anayoihitaji.

JARIBIO LA KUPANDA CHEMBE

Wengine walifuata njia ya pili: kupanda chembe mpya katika ubongo, kama mtu anavyopanda miche. Mwaka 1987 waganga wa Meksiko walieleza kwamba wamepandikiza chembe kutoka tezi iliyo juu ya figo ya mgonjwa mwenyewe, na wagonjwa wawili wamepata nafuu kubwa. Habari ilienea upesi, na hospitali nyingi zikaanza kufanya upasuaji huo. Baada ya miaka michache waliuacha, kwa sababu faida ilikuwa ndogo na hatari ilikuwa nyingi.

Huko Lund, Sweden, na baadaye Marekani, walipanda chembe zilizotoka katika mimba zilizotolewa. Watu wengi waliona jambo hili kuwa zito kwa dhamiri, nasi hatutalificha. Wagonjwa wengine wachache walipata nafuu ya miaka mingi. Lakini mwaka 2001 yalitoka majibu ya jaribio la watu 40 huko Marekani. Nusu walipandiwa chembe, na nusu walitobolewa fuvu tu bila kupandiwa kitu. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa wenyewe walipoulizwa hali yao, makundi hayakutofautiana. Wale wenye umri usiozidi miaka 60 walionekana kupata nafuu kidogo katika vipimo vya mwendo. Wazee zaidi hawakupata. Tena, baadaye, watu 15 katika kila 100 waliopandiwa walianza kujinyonganyonga hata walipopunguza au kuacha dawa. Kisima kilitoa maji, lakini maji hayakujua mpaka.

KWA NINI MTU ANASEMA "NIMEPATA NAFUU"?

Labda utasema, "Lakini wale watano wa Bristol walipata nafuu. Je, walidanganya?" Hapana, hawakudanganya.

Mwaka 2001 wataalamu wa Vancouver, Kanada, walieleza jambo la ajabu. Waliwadunga wagonjwa wa Parkinson maji ya chumvi tu, nao wagonjwa hawakujua kama ni dawa au siyo. Vyombo vya picha vilionyesha kwamba ubongo wao wenyewe ulitoa dopamini. Kutazamia msaada kulitosha kuutoa. Basi nafuu ile ni ya kweli kwa muda, lakini haikutoka katika dawa.

Ndiyo sababu jaribio la haki linahitaji makundi mawili, na wagonjwa wasijue wako kundi gani. Wengine wanaona hivyo kuwa ni hila. Si hila, maana kila mmoja anaelezwa mapema kwamba huenda akapewa maji matupu, naye anakubali au anakataa. Pasipo njia hii hatuwezi kutenganisha nguvu ya dawa na nguvu ya tumaini. Mwenye kuuza sindano anajua hayo vizuri. Anamleta shahidi mmoja aliyecheka na kutembea siku ya tatu. Hakuonyeshi hali yake baada ya miaka miwili.

KWA NINI KUTENGENEZA NI KUGUMU?

Kwanza, panya si mtu. Katika majaribio mengi panya hakuwa na ugonjwa wa Parkinson. Alitiwa sumu iliyoua chembe zake kwa muda mfupi. Mtu anaugua polepole kwa miaka mingi, na kinachoua chembe zake kinaendelea kuua.

Pili, udongo wenyewe ni mgonjwa. Ukipanda vijiti safi vya muhogo katikati ya shamba lenye ugonjwa, utashangaa miche mipya ikiugua? Mwaka 2008 waganga walichunguza ubongo wa watu waliokufa zaidi ya miaka kumi baada ya kupandiwa chembe. Ndani ya baadhi ya chembe zile changa walikuta madonge yale yale yanayoonekana katika chembe za zamani zenye ugonjwa.

Tatu, ugonjwa hauko mahali pamoja tu. Kuanguka, kusahau, choo kigumu, usingizi mbaya na huzuni vinatoka pia katika sehemu nyingine za mishipa ya fahamu. Hata ukitengeneza mahali pale padogo vizuri kabisa, mambo hayo yanaweza kubaki.

JE, KAZI HII NI YA BURE?

Hapana. Tusiwadharau wataalamu, wala wagonjwa waliojitoa kupimwa. Kwa kazi yao tunajua mambo ambayo hatungejua. Tena kazi inaendelea kwa njia mpya. Mwaka 2025 waganga wa Kyoto, Ujapani, walitoa habari za wagonjwa saba waliopandiwa chembe zilizotengenezwa kwa chembe za kawaida za mtu mzima, bila mimba kuguswa. Hakuna aliyepata madhara makubwa kwa sababu ya chembe hizo. Kati ya sita waliopimwa mwendo kabla ya kumeza dawa zao, wanne walipata nafuu. Mwaka ule ule waganga wa Marekani na Kanada walieleza habari za watu 12 waliopandiwa chembe za namna nyingine, nao hawakupata madhara makubwa kwa sababu yake.

Hizo ni habari njema, na tuzipokee kwa kipimo chake. Watu saba ni wachache. Watu 12 ni wachache. Katika majaribio hayo mawili hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wale watano wa Bristol pia walikuwa habari njema. Tungoje majaribio makubwa, na tusimwambie mzee, "Utapona mwaka huu."

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FRANKA

Mtu akikuletea dawa ya kutengeneza mishipa, muulize hivi:

1. Je, ilijaribiwa kwa watu, au kwa panya tu?
2. Watu wangapi? Na walilinganishwa na kundi gani?
3. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mgonjwa anaweza kufanya nini ambacho hakuweza? Anavaa mwenyewe? Anageuka kitandani? Anakwenda sokoni?
4. Ni madhara gani yaliyotokea, na nani atamtunza mgonjwa yakitokea?
5. Kwa nini ninalipa? Katika jaribio la kweli, kwa kawaida, mgonjwa hauziwi dawa inayojaribiwa.
6. Unakubali niende kwanza kumwuliza munganga wa hospitali yetu?

Akikasirika kwa maswali haya, umekwisha kupata jibu. Ondoka na franka zako.

MSAADA ULIO WA KWELI LEO

Jambo la huzuni ni hili: wakati watu wanatafuta dawa ya kufufua mishipa, wagonjwa wengi hawajapata hata kidonge cha kawaida. Huko Hai, Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walipita katika vijiji wakawatafuta wagonjwa wa Parkinson. Majibu yao yalitoka mwaka 2008. Walipata watu 33, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walidhani ni uzee tu. Hata kwetu, je, hakuna mzee anayekaa pembeni ya nyumba akitetemeka, na watu wanasema ni umri?

Kwa hiyo fanyeni hivi:

Mleteni mgonjwa hospitalini apimwe. Si kila kutetemeka ni Parkinson. Leteni na dawa zote anazomeza, maana dawa nyingine, kama haloperidoli au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili zile zile au kuziongeza.

Msiogope kuanza levodopa kwa wakati. Wengine wanasema, "Tuiache kwanza, isije ikaisha nguvu." Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Wale wa Ghana walichelewa kuanza dawa, lakini hawakupata faida kwa kuchelewa. Matatizo ya kujinyonganyonga yalifuata urefu wa ugonjwa na ukubwa wa kipimo, si siku ya kuanza dawa. Walioteseka bila kidonge waliteseka bure.

Mezeni dawa kwa saa zake. Inafaa kumeza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama, samaki na maharagi yanaweza kupunguza nguvu yake.

Msiache dawa kwa ghafula. Ni hatari kwa maisha. Ikikaribia kwisha, njooni mapema.

Mgonjwa atembee kila siku. Ashike kazi anazoweza: kuchambua sombe, kutwanga kidogo, kufagia uwanja. Mwili unaofanya kazi hukaza polepole kuliko unaokaa. Ondoeni mawe na kuni njiani pake usiku, asije akaanguka. Anywe maji, ale matunda na mboga, apate choo.

Msimharakishe. Akisema polepole, mngojeeni amalize. Uso wake unaweza kuwa umekaza bila tabasamu, lakini akili yake inawasikia. Msizungumze juu yake kana kwamba hayupo.

Na shamba je? Liacheni. Mazao yake yanunue vidonge vya mwezi ujao, nauli ya kuja hospitalini, na chakula cha mzee wenu. Siku dawa ya kutengeneza mishipa itakapopimwa kwa haki na kuonekana inawasaidia watu kuvaa, kutembea na kula wenyewe, waganga hawataificha. Mpaka siku hiyo, mpeni mzee wenu kidonge chake kwa saa yake, na mkono wa kumshika akisimama.